Hiba Iliyotolewa kwa Ushawishi Usiofaa: Jinsi ya Kuitengua na Kurudishiwa Mali

Mtu anatoa nyumba yake. Anatia saini kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya shahidi, akili zake zikiwa timamu. Hakutishwa, hakudanganywa. Miaka miwili baadaye yeye au wanawe wanaanza kujiuliza: ile ilikuwa hiari yake kweli? Wakienda kuuliza, wengi hujibiwa papo hapo kwamba hakuna kesi, maana saini ni yake na akili zilikuwa zake. Jibu hilo lina kosa, na ninaandika mwongozo huu kwa sababu kosa hilo hurudiwa mno, tena na watu wenye elimu.

Sheria ya ushawishi usiofaa haiishii kuuliza kama mtoaji alijua anachokifanya. Inauliza nia ile ya kutoa ilizaliwaje. Lord Eldon, jaji wa Uingereza, alilisema hilo mwaka 1807 katika kesi ya Huguenin dhidi ya Baseley, ambamo mjane alimwandikia mali mchungaji aliyekuwa amejitwika kusimamia mambo yake. Mjane alijua fika anatoa nini. Hiba ilitenguliwa hata hivyo, kwa kuwa nia yake ilikuwa imelelewa na mtu aliyemtegemea, wala hakuwapo mwingine wa kumsaidia kufikiri akiwa mbali na kivuli cha mtu huyo.

Msingi wa kisheria

Katika nchi zinazofuata mfumo wa sheria ya Uingereza, kanuni hii ilikuzwa na mahakama za usawa, zile zilizokuwa zikirekebisha ukali wa sheria ya kawaida. Ilihusu mikataba na hiba zote mbili, lakini kwenye hiba ina makali zaidi. Aliyeuziwa kitu alilipa. Ukimnyang'anya unamtia hasara. Aliyepewa bure hakutoa chochote, kwa hiyo mahakama haioni uzito mkubwa kumwambia arudishe.

Hiba ya namna hii si batili tangu mwanzo. Ni batilifu: inasimama, na mali inahesabika kuwa ya mpokeaji, mpaka mtoaji au anayesimama mahali pake aombe itenguliwe. Tofauti hiyo kati ya batili na batilifu ndiyo chanzo cha matatizo mengi utakayokutana nayo huko mbele, kuanzia muda hadi watu waliouziwa mali na mpokeaji.

Njia za kuthibitisha ni mbili. Ya kwanza ni kuonyesha ushawishi wenyewe kwa ushahidi wa moja kwa moja: vitisho, kusumbuliwa usiku na mchana, kutengwa na ndugu, kunyimwa simu. Ya pili ni dhana ya kisheria. Baraza la Malodi la Uingereza, ambalo wakati huo lilikuwa mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo, lilizifafanua zote mbili mwaka 2001 katika kesi ya Royal Bank of Scotland dhidi ya Etridge. Kwa njia ya pili, mdai anatakiwa aonyeshe mambo mawili: kwamba mtoaji alimwekea mpokeaji imani na kumtegemea, na kwamba hiba yenyewe haielezeki kwa sababu za kawaida zinazowafanya watu wapeane vitu. Akiyaonyesha hayo, mzigo unamhamia mpokeaji. Ni yeye sasa wa kueleza.

Baadhi ya nchi zimeiandika kanuni hii kwenye sheria. Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, kifungu cha 16, inamzungumzia mtu aliye katika nafasi ya kutawala utashi wa mwenzake na kuitumia nafasi hiyo kujipatia faida isiyo ya haki. Sheria ya Mikataba ya Tanzania iliuchukua mfano huo, hata namba ya kifungu ikabaki ileile. Nje ya mfumo wa Uingereza nako fikra hiyo ipo. Sheria ya madai ya Uholanzi, katika kifungu cha 176 cha kitabu cha 7, inamhamishia mpokeaji mzigo wa kuthibitisha pale mtoaji anapotaja mambo yanayoonyesha kuwa hali yake ilitumiwa vibaya, isipokuwa hiba iwe imeandikwa mbele ya mthibitishaji wa serikali. Ufaransa, kwa kifungu cha 909 cha sheria yake ya madai, inakwenda mbali zaidi: daktari aliyemtibu mtu katika ugonjwa uliomuua hawezi kufaidika na hiba wala wosia ulioandikwa wakati wa ugonjwa huo, ukiacha hali chache zilizotajwa. Hapo hata hakuna haja ya kuthibitisha ushawishi.

Hatua ya kwanza: zuia muda na mali

Watu huanza na ushahidi. Anza na kalenda.

Kesi ya Allcard dhidi ya Skinner ya mwaka 1887 ndiyo inayotajwa kuliko zote katika somo hili, na inauma kuisoma. Mwanamke alijiunga na shirika la masista wa Kianglikana, akaapa kuishi kifukara, akakabidhi kwa mama mkuu takribani pauni 7,000. Kanuni za shirika zilimkataza kutafuta ushauri wa mtu wa nje bila ruhusa ya mkuu wake. Alitoka mwaka 1879. Alidai mali yake mwaka 1885. Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba ushawishi ulikuwapo na kwamba angeweza kurudishiwa kilichobaki. Lakini majaji wawili kati ya watatu walisema amechelewa: kwa takribani miaka sita alikuwa huru, akiwa na watu wa sheria wa kumshauri, na hakudai. Alishinda hoja, akakosa mali.

Kwa hiyo andika tarehe tatu: siku hiba ilipotolewa, siku ushawishi ulipokoma, na leo. Ile ya katikati ndiyo yenye maana zaidi. Ushawishi ukiwa bado unaendelea, mahakama haimtazamii mtu alalamike. Ukikoma, saa inaanza kwenda, na kila mwezi wa ukimya unaweza kusomwa kama kuridhia. Mbali na kanuni hizi za usawa, angalia pia sheria ya ukomo wa muda ya nchi yako, kwa kuwa madai ya ardhi, ya fedha na ya mirathi mara nyingi hayana muda mmoja.

Kisha simamisha mali. Kama ni ardhi au nyumba, weka zuio kwenye daftari la ardhi ili isihamishwe kabla shauri halijasikilizwa. Kama ni fedha au hisa, omba mahakamani amri ya zuio la muda. Peleka barua ya madai mapema, kwa lugha ya adabu, inayosema wazi kwamba hiba inapingwa. Barua hiyo hufanya kazi mbili: inakata hoja ya kwamba ulinyamaza, na inamfanya mpokeaji asiweze kusema baadaye kuwa alitumia fedha bila kujua kuna mgogoro.

Hatua ya pili: jua una kesi ya aina gani, na ni ya nani

Hiba ya mtu aliye hai na wosia havifuati kanuni moja. Dhana niliyoieleza haifanyi kazi kwenye wosia katika sheria ya Uingereza. Anayepinga wosia kwa ushawishi lazima athibitishe kwamba marehemu alishurutishwa hadi utashi wake ukazidiwa nguvu. Kubembelezwa na kukumbushwa wema hakutoshi. Sababu inayotolewa ni kwamba ni kawaida watu wa karibu kuomba wakumbukwe. Mimi naiona sababu hiyo kuwa dhaifu, lakini ndiyo sheria, na ukiandaa kesi ya wosia kama ya hiba utaangukia pua.

Tenganisha pia hoja jirani. Mtoaji alikuwa mgonjwa wa akili? Hiyo ni hoja ya uwezo. Alidhani anaazima, kumbe anatoa? Hiyo ni hoja ya kosa. Mwaka 2013, katika Pitt dhidi ya Holt, Mahakama ya Juu ya Uingereza ilisema hiba inaweza kutenguliwa kwa kosa kubwa ambalo si haki kuliacha lisimame. Alidanganywa? Huo ni ulaghai, nao una kiwango kikali cha ushahidi. Australia ina kanuni ya ziada dhidi ya mtu anayetumia udhaifu wa mwenzake. Katika Louth dhidi ya Diprose, mwaka 1992, mwanamume aliyemnunulia mwanamke nyumba alirudishiwa kwa sababu mwanamke huyo alikuwa ametengeneza hali ya dharura isiyokuwapo. Mwanamume mwenyewe alikuwa mwanasheria. Anayedhani kwamba kisomo humkinga mtu na mambo haya aisome kesi hiyo. Hoja hizi zinaweza kuwekwa pamoja katika hati moja ya madai, moja ikiwa mbadala wa nyingine.

Halafu, nani anadai? Mtoaji akiwa hai, haki ni yake. Watoto, hata wakiwa na uchungu kiasi gani, hawawezi kumshtakia mzazi mwenye akili timamu ambaye hataki kushtaki. Hapa ndipo familia nyingi hukwama, kwa sababu aliye chini ya ushawishi ndiye wa mwisho kuuona. Kelele humsogeza zaidi kwa anayemtawala. Kinachosaidia ni kumpatia mtu wa tatu anayemheshimu, apate saa moja ya kuzungumza naye faraghani. Uingereza, Mahakama ya Rufani ilithibitisha mwaka 2012, katika kesi ya DL, kwamba Mahakama Kuu ina mamlaka ya kumlinda mtu mzima ambaye akili anayo lakini hana uhuru wa kuamua kwa sababu ya kutawaliwa na mwingine. Ulizia kama mahakama za nchi yako zina mamlaka ya namna hiyo. Mtoaji akiwa amefariki, anayedai ni msimamizi wa mirathi, kwa niaba ya mirathi yote. Si mtoto mmoja aliyeudhika.

Hatua ya tatu: thibitisha uhusiano

Uhusiano wa aina fulani sheria inauchukulia moja kwa moja kuwa wa ushawishi, bila kuhitaji ushahidi: mzazi na mtoto mdogo, mlezi na anayelelewa, anayeshika mali kwa niaba ya mwingine na mfaidika wake, wakili na mteja, daktari na mgonjwa, kiongozi wa kiroho na mfuasi. Mume na mke hawamo. Mtoto mtu mzima na mzazi wake mzee pia hawamo, na hilo huwashangaza wengi kwa kuwa ndiko kesi nyingi zinakotokea.

Nje ya orodha hiyo unathibitisha kwa mambo ya kila siku. Hiyo ndiyo kazi kubwa kuliko zote katika shauri, na ndiyo inayofanywa vibaya zaidi. Neno "alimwamini" peke yake halina uzito mahakamani. Uzito uko kwenye majibu ya maswali kama haya: Nani alikuwa na kadi ya benki na namba ya siri? Nani alifungua barua? Nani alimpeleka hospitali na kukaa chumbani daktari akizungumza? Nani alipokea simu, na ndugu wakipiga waliambiwa nini? Mtoaji alikuwa amempa mpokeaji hati ya uwakilishi? Aliweza kusoma lugha iliyoandikwa kwenye hati? Alibadilisha wakili au daktari wake wa zamani, na nani alimtafutia mpya?

Kusanya taarifa za benki za miaka mitatu kabla ya hiba na kipindi chote cha baada yake. Weka kando ya tarehe za kutoa fedha tarehe za kulazwa hospitali, za msiba, za kuhama. Mara nyingi picha inajitokeza yenyewe: hadi mwezi fulani mtoaji alilipa bili zake mwenyewe, mwenzi wake akafa, mwezi uliofuata saini kwenye hundi ni yake lakini mwandiko ni wa mtu mwingine. Mashahidi wazuri si ndugu wanaogombea mali. Ni mfanyakazi wa benki, muuguzi, jirani asiye na maslahi, mtu waliyesali naye.

Katika Johnson dhidi ya Buttress, iliyoamuliwa na Mahakama Kuu ya Australia mwaka 1936, mzee asiyejua kusoma alihamisha nyumba yake, mali pekee aliyokuwa nayo, kwa mwanamke aliyekuwa akimsaidia. Hakuna aliyethibitisha tishio lolote. Kilichothibitishwa ni jinsi mzee huyo alivyokuwa tangu zamani: tegemezi, asiye na uzoefu wa hati, anayejiegemeza kwa yeyote anayemwonyesha huruma. Hilo lilitosha kuuhamisha mzigo.

Hatua ya nne: onyesha kwamba hiba haielezeki

Zawadi za sherehe, ada ya shule ya mjukuu, mchango wa harusi: hizi watu hupeana kila siku na sheria haizigusi. Kadiri hiba inavyokuwa kubwa ukilinganisha na mali ya mtoaji, ndivyo inavyohitaji maelezo.

Piga hesabu. Usiandike kwamba alitoa "mali nyingi", andika sehemu. Katika Hammond dhidi ya Osborn, ya mwaka 2002, mwalimu mstaafu asiyekuwa na mke wala watoto alimpa jirani aliyekuwa akimhudumia karibu pauni 300,000, zaidi ya asilimia 90 ya fedha na vitega uchumi vyake, na kwa kuviuza akajitwisha kodi ambayo hakuna aliyemweleza. Asilimia hiyo ilifanya kazi kuliko maneno yote. Mahakama ya Rufani haikusema jirani ni mwovu. Ilisema hiba ya kiasi hicho, katika uhusiano ule, bila mtu wa kumwonyesha mtoaji matokeo yake, haiwezi kusimama.

Hesabu yako ijibu mambo manne: alikuwa na nini kabla, alibaki na nini, angeishi kwa kipato gani, na nani angetazamiwa kurithi. Kama aliwahi kuandika wosia wa zamani wenye mpango tofauti, utafute. Tofauti ya ghafla kati ya alichokusudia miaka kumi na alichofanya wiki moja ni ushahidi mzito. Angalia pia usiri: hiba iliyofichwa watu ambao kwa kawaida angewaambia yenyewe inazua swali.

Hatua ya tano: pima utetezi wa mpokeaji kabla hajautoa

Hapa nina ushauri ambao wengi huupuuza. Usianze kwa kumwita mpokeaji mwizi. Katika Pesticcio dhidi ya Huet, mwaka 2004, Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilieleza kwamba hiba inaweza kutenguliwa hata kama mwenendo wa mpokeaji hauna doa, kwa sababu sheria inalinda watu walio katika nafasi ya kutawaliwa. Ukijitwisha kuthibitisha uovu ambao sheria haikuutaka, umebeba mzigo usio wako, umefunga mlango wa mapatano, na jaji akimwona mpokeaji ni mtu mwema anayemhudumia mgonjwa, hati yako yote inapoteza uzito. Wanasheria wanabishana bado kama kiini cha kanuni hii ni ridhaa iliyoharibika ya mtoaji au mwenendo wa mpokeaji. Kwa mdai, ridhaa ndiyo hoja salama.

Mpokeaji naye atajibu kwamba mtoaji aliamua kwa hiari kamili, akijua yote. Ngao yake kubwa itakuwa ushauri wa mtu huru: "alikwenda kwa wakili." Usikubali jibu hilo kama lilivyo. Katika kesi ya Inche Noriah, iliyotoka Singapore na kuamuliwa na Privy Council huko London, baraza lililosikiliza rufani za mwisho kutoka makoloni ya Uingereza (taarifa za mwaka 1929), bibi mzee asiyejua kusoma alimpa mpwa wake, msimamizi wa mambo yake yote, karibu kila alichokuwa nacho. Wakili alikuwapo. Alikuwa mwaminifu, alimweleza hati, na bibi aliielewa. Hiba ilitenguliwa kwa sababu wakili hakujua kwamba hiyo ilikuwa karibu mali yote, na hakumwambia kuwa angeweza kufikia lengo lilelile kwa usalama zaidi kwa kumwachia mpwa wake kwenye wosia.

Basi omba jalada la wakili, na ulisome ukitafuta haya: nani alipiga simu ya kwanza na nani alilipa, mpokeaji alikuwa chumbani au nje, wakili alijua mali yote ya mtoaji au hati moja tu, aliuliza mtoaji ataishi wapi na kwa kipato gani, alitaja njia mbadala kama wosia, mkopo, au kubaki na haki ya kuishi kwenye nyumba, mtoaji alipewa siku za kufikiri au alitia saini kikao hichohicho. Ushauri uliomwelezea mtu maana ya maneno ya hati bila kumuuliza kwa nini anatoa, umethibitisha uelewa tu. Uelewa haukuwa swali.

Kama jalada linaonyesha kwamba wakili wa mtoaji mwenyewe alimwona peke yake, akaijua mali yote, akampinga, na mtoaji akarudi wiki mbili baadaye akiwa na sababu zake, pima upya kama unaendelea. Kuna hiba kubwa zinazotolewa kwa upendo wa kweli, na mtu ana haki ya kutoa chake hata wanawe wasipopenda. Allcard iliweka wazi kwamba sheria haimkingi mtu na upumbavu wake mwenyewe. Inamkinga asigeuzwe mawindo ya wengine.

Hatua ya sita: dai kitu gani kirudi

Kutengua maana yake ni kuwarudisha wote wawili walipokuwa kabla. Kwa hiba ya nyumba ambayo ipo bado kwa jina la mpokeaji, ni rahisi: omba umiliki urudishwe, pamoja na kodi ya pango aliyoikusanya. Yeye naye atadai gharama za matengenezo yaliyoongeza thamani, na kwa kawaida atapata. Ziweke kwenye hesabu yako mapema ili zisikushtue.

Fedha ni ngumu zaidi. Fuatilia zilikokwenda. Zikiwa akaunti, dai akaunti. Zikiwa zimenunua gari au kiwanja, unaweza kudai kile kilichonunuliwa. Zilizotumika na kwisha zinarudi kwenye swali la nani alizitumia na kwa moyo gani. Tangu uamuzi wa Lipkin Gorman dhidi ya Karpnale, mwaka 1991, sheria ya Uingereza inakubali utetezi wa mpokeaji aliyebadilisha hali yake kwa nia njema akiamini mali ni yake: aliyetoa sadaka ambayo asingeitoa, kwa mfano, si aliyelipia chakula cha kila siku ambacho angekula tu. Katika Allcard, hata kama mdai asingechelewa, asingerudishiwa zile pauni 7,000 zote. Nyingi zilikuwa zimetumika kwa kazi za hisani ambazo yeye mwenyewe alizitaka wakati ule. Kilichobaki kilikuwa hisa za reli zenye thamani ya pauni 1,671, na mgogoro halisi ulikuwa juu ya hizo.

Pale pande zote mbili zilipochangia, hasara nayo hugawanywa. Katika Cheese dhidi ya Thomas, ya mwaka 1994, mzee alitoa pauni 43,000 na mjukuu wa ndugu yake akakopa 40,000. Wakanunua nyumba ya pauni 83,000 kwa jina la kijana, mzee apate kuishi humo hadi kufa. Kijana akashindwa kulipa mkopo. Nyumba ikauzwa kwa pauni 55,400. Mzee alitaka 43,000 zake zote. Mahakama ilisema bei imeanguka kwa soko, kijana hakuwa mkosaji, na kila mmoja abebe hasara kwa kadiri ya mchango wake. Mzee akapata takribani 28,700. Mwambie mteja wako au mzazi wako hesabu ya namna hii kabla ya kufungua shauri, siyo baada ya hukumu.

Aliyefanya kazi ya kweli hanyang'anywi jasho lake. Mwimbaji Gilbert O'Sullivan alipofaulu kutengua mikataba na wasimamizi wake wa muziki, mwaka 1985, mahakama iliwaamuru wahesabie faida, lakini iliwaachia malipo ya kazi waliyoifanya pamoja na faida ya wastani. Mpwa aliyemwogesha mgonjwa kwa miaka mitano anaweza kuachiwa kitu kwa msingi huohuo, na kumtengea kiasi hicho kwenye pendekezo la mapatano mara nyingi ndiko kunakomaliza kesi.

Hatua ya saba: kama mali iko kwa mtu mwingine

Mpokeaji akiwa amemgawia mkewe au rafiki yake bure, mtu huyo hana kinga, hata kama hakujua lolote. Tangu Bridgeman dhidi ya Green, mwaka 1757, inakubalika kwamba usafi wa mkono unaopokea hausafishi hiba iliyopatikana kwa ushawishi wa mwingine. Lakini aliyenunua kwa bei halali, kwa nia njema, bila kujua, analindwa. Kwake huendi, unakwenda kwenye fedha alizolipa. Benki iliyochukua nyumba kama dhamana iko katikati: kanuni za Etridge zinaitaka ichukue hatua za kuhakikisha mdhamini asiyefaidika na mkopo ameshauriwa, na isipofanya hivyo dhamana yake inaweza kuanguka.

Baada ya hukumu au mapatano

Kupata amri si kupata mali. Ndani ya wiki hiyohiyo peleka amri kwenye ofisi ya ardhi ili jina libadilishwe, na uombe nakala ya daftari inayoonyesha badiliko. Futa kwa maandishi kila hati ya uwakilishi iliyo mikononi mwa mpokeaji, na upeleke nakala ya ufutaji kwa kila benki. Badilisha namba za siri, anwani ya barua na jina la mrithi aliyeandikwa kwenye bima na mafao ya uzeeni, maana hayo hayarudi yenyewe hiba inapotenguliwa. Uliza mamlaka ya kodi kama kodi iliyolipwa kwa sababu ya hiba inaweza kurudishwa. Na mtoaji akiwa hai, mtafutie wakili wake mwenyewe amwandikie wosia mpya, ninyi mkiwa mmekaa nje ya mlango.